Hotuba ya Kasuku na Swali la Nungunungu

Wanafunzi wa shule ya bondeni walikuwa na chama cha afya, na kila Jumamosi walifundishana namna ya kuwashawishi wakubwa watunge sheria nzuri. Kasuku ndiye aliyekuwa hodari wa hotuba. Nungunungu alikuwa na haya, hakuwahi kusimama mbele. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anaumwa tumbo.

Siku ya baraza, Kasuku alisimama mbele ya chifu Nyati kuomba sheria ya kulinda kijito.

"Mheshimiwa chifu, waheshimiwa wazee, wageni waalikwa, mabibi na mabwana..."

Alipomaliza kumtaja kila mwenye cheo, muda wake ulikuwa umekwisha. Nyati alimpigia makofi kwa dhati, akainuka aende zake.

"Shikamoo, babu," Nungunungu akasema kutoka nyuma. "Mjukuu wako bado anaharisha?"

Nyati akasita. "Marahaba. Leo siku ya nne. Umejuaje?"

"Nilipita kwenu. Watoto wa Swala wanaharisha, na wa Ngiri pia. Wote wanakunywa maji chini ya pale unapogaagaa."

Nyati akarudi kukaa. Kabla baraza halijavunjika, sheria ilitangazwa: kunywa ni juu, kuoga ni chini. Wa kwanza kuhama alikuwa yeye.

Kasuku alimkimbilia Nungunungu njiani. "Hotuba fupi namna ile umefundishwa na nani?"

"Sikuhutubia," Nungunungu akajibu. "Nilimjulia hali mgonjwa. Sasa nipishe, kwa Ngiri sijapita leo."