Kijana Haingii Peke Yake

Mikono ya shati ilimwishia kijana kabla ya kufika kwenye vifundo, na mshauri hakuweza kujizuia.

"Fundi, mwanao mwenyewe unamshonea shati la kubana hivi?"

"Kinyozi hajinyoi," mama alijibu, akacheka kidogo. Kijana hakucheka. Alikuwa akitetemeka, jasho likimtoka ingawa dirisha lilikuwa wazi.

Kituo kile cha kuwatibu waraibu wa dawa za kulevya kilikuwa na sharti moja: kijana haingii peke yake. Lazima aje na mzazi, na mzazi aseme kinachomuuma, mbele ya kijana, bila kumung'unya maneno. Asiyekuwa na mtu alirudi mtaani, na mtaa hauna mama.

"Baba yuko wapi?"

"Amegoma. Anasema akimtia huyu machoni, atamkaba."

Mshauri alitikisa kichwa. Kina baba wa namna hiyo alikuwa amewaona wengi, na wengi walikuja kulainika baadaye.

"Basi sema wewe, mama."

Mama aliweka mikono mapajani. Ncha za vidole zilikuwa zimetoboka-toboka kwa sindano.

"Mwanangu alikuwa mcheshi, nyumba nzima ilimsikia. Rafiki yake ndiye aliyemwonjesha unga. Rafiki aliyekula kwangu, akalala kwangu, nikampakulia kabla ya wangu kwa kuwa hakuwa na mama. Nilipojua, niliomba ardhi immeze. Na mimi nina lawama. Niliona sufuria zinapungua jikoni, nikanyamaza. Niliogopa majirani. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Kijana aliinama, machozi yakimdondokea viatuni.

"Na wewe," mshauri alimgeukia kwa upole, "huyo rafiki umemsamehe?"

"Bado."

"Mimi najaribu," mama alidakia. "Siku nyingine naweza. Siku nyingine namwangalia, natamani kupiga kelele."

Mshauri alifuta miwani yake, ingawa haikuwa na vumbi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, aliwaza, na huyu angalau ana mzazi. Alimkabidhi kijana shuka na sabuni, akatangulia bwenini kumtandikia kitanda.

Wawili wale walibaki mlangoni. Kijana alikumbatia shuka kifuani.

"Utakuja Jumapili?" aliuliza, akitazama chini.

Mama alimfunga kifungo cha juu, akalivuta shati mabegani ili likae vizuri. Likakataa.

"Nikishapalilia kaburi la mwanangu, nitapita kukuona," alisema. "Alikupenda sana, yule, kuliko rafiki zake wote. Usinifie na wewe."