Alama ya Mlangoni

Zilikuwa zimebaki dakika mbili, timu ziko sare, Kocha alipomgeukia Pelletier benchini. Timu kubwa ilikuwa imemleta kijana huyo kwenye klabu yao ndogo ya magongo ya barafuni ili akue.

Tangu Oktoba Kocha hakuwa amemchezesha. Wakongwe walikuwa wanashinda, na nani anavunja kikosi kinachoshinda?

"Kocha, hata dakika moja tu."

"Tulia, dogo. Zamu yako inakuja."

Asubuhi Kocha alikuwa amempima kimo kwa kuweka alama kwenye mwimo wa mlango. Kila waliposhinda bila yeye, alama ilishuka. Leo ilikuwa imeshuka vidole vinne.

"Umejikunja," alimwambia.

"Nimesimama wima, Kocha."

Sasa miguu ya Pelletier ilikuwa ikining'inia benchini bila kugusa sakafu. Kofia ilimfunika mpaka kidevuni.

Jukwaa zima lilikuwa likipiga miguu chini. "Kombe! Kombe!"

Kocha aliwageukia wengine. "Wakongwe, ingieni!"

Wakongwe wakafunga bao. Uwanja ukalipuka kwa shangwe.

Nyuma ya Kocha, viatu vya barafuni vya Pelletier vilianguka sakafuni vitupu, kimoja, kisha cha pili, kamba zikiwa bado zimekazwa.