Mkono wa Kushoto

Pale kambini Mugunga tuliwapigia wakimbizi muziki wetu usio na mwimbaji: magitaa mazito ya mtindo wa metali, ngoma zinazovunja mwendo kama za jazi. Kwenye sehemu ngumu, mpiga ngoma wetu mpya akapotea. Tukaacha kupiga.

Mapigo yakaendelea nyuma ya watu, juu ya bidoni tupu ya maji. Kuchelewesha mkono wa kushoto namna ile alikujua Habineza peke yake, mpiga ngoma wetu wa zamani.

Nikawapenya watu, gitaa shingoni. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, amekonda, ananichekea.

Nikapiga kelele: “Habineza! Bomu lilianguka kwako Kibumba. Tulikuzika! Mama yako mwenyewe alisimamisha musalaba!”

Mikono yake ikasimama hewani.

“Mimi nilikimbilia Masisi,” akasema. “Mulizika nani?”