Dakika za Nyongeza

"Goooli!" Coletha alipiga kelele kwenye redio koli. "Mwigulu amefunga! Moja bila!"

Kutoka chini ya ardhi ya Rwamgasa, sauti ya mumewe ilirudi ikikwaruza. "Kafungaje, Mama Justa? Kichwa au mguu?"

"Kichwa! Kipa wa Sokoni bado anautafuta mpira!"

Alikuwa amesimama juu ya rundo la mawe, mahali redio iliposhika vizuri. Jozi hiyo ya redio aliinunua Geita mjini, zile ndogo zisizohitaji leseni, ili wachimbaji waagize wali wake bila kupanda juu. Mchana huo udongo ulikuwa umeporomoka na kuziba mdomo wa duara, shimo walimokuwa mumewe Telesphori na mwenzake Donatus. Bomba la hewa lilikuwa zima. Watu walichimba kwa zamu.

"Waongeleshe," alinong'ona Masalu, msimamizi wa duara. "Wakianza kuhangaika, watajiangushia mawe."

Na swali la kwanza la Telesphori lilikuwa, "Fainali ya Duarani na Sokoni imeanza?"

Coletha alitazama upande wa uwanja, akabonyeza kitufe. "Ndiyo kwanza inaanza. Hapa nilipo uwanja wote nauona."

Sasa Donatus, shabiki wa Sokoni, alimnyang'anya mwenzake redio. "Shemeji, hiyo ni ofusaidi!"

"Yaya, si ofusaidi, Donatus! Beki wenu alikuwa amelala!"

Akaendelea kutangaza. Beki akateleza. Mbuzi akaingia uwanjani, akafukuzwa, akarudi na wenzake. Sokoni wakasawazisha, Donatus akashangilia hadi redio ikapiga mluzi. Telesphori alicheka mpaka akakohoa. Coletha naye alicheka huku machozi yanamtiririka, na waliokuwa wakichimba wakacheka bila kuacha machepe.

"Zimebaki dakika ngapi?" aliuliza Telesphori.

Coletha alimtazama Masalu. Masalu akatikisa kichwa.

"Refa ameongeza kumi."

Baadaye akaongeza nyingine kumi.

"Refa gani huyu?" Donatus alifoka. "Hana kwao?"

"Mbuzi walipoteza muda, shemeji! Tulia! Mwigulu huyo, kampita mmoja, kampita wa pili, yeye na kipa..."

Chepe likatoboa upande wa pili.

"Goooli! Mpira umekwisha! Duarani mabingwa!"

Telesphori alivutwa nje, mwekundu kwa udongo kuanzia nywele hadi kucha, ngumi zote mbili juu. Donatus alimfuata akidai mechi irudiwe. Coletha aliteremka mbio, akamrukia mumewe, wakaanguka wote wawili chini wakicheka kama walevi.

"Nipelekeni kwa Mwigulu!" Telesphori alisema akihema. "Leo nambeba mgongoni mpaka nyumbani kwao!"

Mwigulu alikuwa amesimama pale pale mbele yake, chepe mkononi, jezi imegeuka rangi ya udongo. Nyuma yake, kwenye mstari wa kupokezana ndoo, walikuwa wachezaji wa timu zote mbili, na refa, filimbi shingoni, akiwa bado ameshikilia kamba.