Bipu ya Yona

Simu ililia mara moja, ikanyamaza. Raheli akaacha jembe kwenye tuta la tangawizi, akavuta pumzi kifua kikajaa, akaishika.

Ziada, jirani yake, alikuwa akipita na mzigo wa majani kichwani. Akasimama. "Dada Raheli, unaumwa?"

Raheli akatikisa kichwa, macho yamemtoka, mishipa ya shingo imemsimama. Alipoiachia pumzi, akacheka. "Yona huyo. Ameingia kwenye mashine."

Mumewe alikuwa hospitali, mbali, akichomwa mionzi ya saratani ya mapafu. Uvimbe ulipanda na kushuka kila alipopumua. Asipobana pumzi akatulia tuli, mionzi ingeukosa na kuunguza nyama nzima. "Ni kama kumlenga ndege kwenye tawi linaloyumba," alimweleza kwa simu. Na Yona wa watu, hata kanisani hakuwahi kutulia! Ndipo wakakubaliana: kabla ya kuingia atambipu, Raheli asipokee, ashike pumzi naye huko huko kijijini Miamba. Wakiwa wawili, ataweza.

"Si uende tu ukamwone?"

"Hataki. Anasema nani atamkatia ng'ombe majani."

Ziada akamtazama kidogo, akaendelea na safari yake.

Upweke Raheli aliuzoea. Miaka yote Yona alipokuwa akikata mkonge huko tambarare, Kileo, alimwona Krismasi hadi Krismasi. Lakini safari hii nyumba ilimwelemea. Alipika makande ya watu wawili kwa kusahau, kesho yake akala kiporo peke yake, na kila tonge aliomba jambo moja tu: apone, arudi.

Asubuhi iliyofuata simu ikalia, haikunyamaza. Namba ngeni.

"Shikamoo, mama. Naitwa Clemence, wa kitengo cha mionzi. Wewe ni ndugu yake Mzee Yona? Aliandikisha namba yako siku ya kwanza."

"Marahaba. Amekufa?"

"Hapana, mama! Amemaliza vizuri kabisa, pumzi aliishika barabara. Ni sweta lake tu, la kijivu, alilisahau hapa wiki iliyopita alipotuaga. Nampigia, hapokei."

Sweta hilo Raheli alilifuma kwa mikono yake. "Wiki iliyopita?"

"Ndiyo. Basi mwambie mkewe, yule mama wa kule Kileo aliyekuwa akimleta kila siku, akipita huku alichukue."

Kijana akaita "haloo, haloo," kisha akakata.

Kabla hajaifunga simu kwenye pindo la kanga, ikalia mara moja, ikanyamaza. Ilikuwa bipu ya Yona, saa ile ile ya kuingia kwenye mashine.

Raheli akavuta pumzi, akaishika.