Kibao cha Kando ya Tope

Nungunungu, fundi wa kuandika vibao, aliandika SIMAMA kando ya tope lililokuwa likimeza wanyama. Kiboko, mkuu wa mto, alikasirika.

"Mbona pembeni umeacha patupu? Tanua herufi zijaze kibao!"

"Herufi zikiachana sana, neno litakatika. Siandiki."

Kiboko akamfukuza, akaandika mwenyewe: SI MAMA.

Kesho yake mama yake Kiboko alipita, akasoma, akafura. "Mimi si mama? Nimezaa kumi!" Akasonga mbele kumtafuta aliyeandika, akazama topeni hadi masikioni.

Walipomtoa, Kiboko alimwita Nungunungu. "Haya, andika utakavyo, ila jina langu liwe juu."

"Hapana," alisema Nungunungu. "Juu pia pabaki patupu."

Kiboko alimtazama mama yake, tope likimchuruzika masikioni, akamsogezea Nungunungu kibao.