Theluji ya Kiangazi

Mzungu alikuwa analamba shuka.

Alizitundika mbili, nyeupe, kwenye vigingi vya mikoko pale ufukweni Mbwera, zikapigwa na upepo wa kusi tangu alfajiri. Sasa alishika pindo la moja, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akafumba macho, akatabasamu. Wanawake waliokuwa wakipita na kuni walivuta kanga usoni wasionekane wanacheka.

"Ndiye shahidi wako huyo?" Mzee Husseini alimwuliza Dadi.

"Ndiye, baba."

Dadi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa anamtaka Mwanaharusi, binti wa Mzee Husseini, na kijiji kizima kilijua anavyomtaka. Kilichomponza ni mdomo wake. Alirudi kutoka kazi ya upagazi Kilimanjaro akasimulia kwamba kule juu maji huwa magumu na meupe, hukaa kileleni mwaka mzima, na mtu huyachota kwa koleo. Mzee Husseini, mkata mikoko aliyezaliwa na kuzeekea majini, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema binti yake haozwi kwa mwongo.

"Maji yakae juu ya mlima yasiteremke?" alisema. "Maji gani hayo yasiyo na adabu?"

Mama yake Dadi, Bi Mwantum, mchemsha chumvi, alikwenda mwenyewe kumtetea mwanawe. Alisema kijana ana subira, hata chumvi aliyomfungia ilipomwishia huko bara alikula mboga chapwa masika nzima na kazi hakuacha. Mzee Husseini alimjibu kwa upole kwamba subira anaiona, ila waongo nao wanayo, na pengine wanaihitaji zaidi.

Hapo ndipo Mzungu huyo, Bwana Chupa, alipotokea, kwa mashua kutoka Utete, na kibali cha Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, mfukoni. Jina hilo alipewa na wapagazi wake. Kazi yake ilikuwa kukusanya theluji ya kila msimu katika chupa na kuipeleka Dar es Salaam akaipime. Dadi ndiye aliyezijaza, akaziziba, akazibeba mpaka kwenye gari moshi. Bwana alimkabidhi zile chupa kama mtu anayeacha mtoto mchanga kwa jirani, akimsisitizia kila asubuhi kwamba zisivunjike na maji yasiharibike.

Alasiri, shuka zilipokwisha kulambwa, Bwana Chupa aliketi barazani kwa Mzee Husseini. Akatoa chupa mbili.

"Hii theluji ya kiangazi," alisema. "Hii theluji ya masika. Tazama, mzee."

Alidondosha dawa katika ile ya kiangazi. Maji yakageuka meupe kama tui. Akadondosha katika ile ya masika. Yakabaki vilevile.

"Chumvi," alisema Bwana Chupa, na sauti ilimtetemeka kwa furaha. "Kiangazi iko. Masika hakuna. Wenzangu Ulaya walinicheka. Walisema mlimani chumvi itoke wapi? Inatoka hapa kwenu! Upepo wa kusi unaichukua, unaipandisha mpaka kileleni. Masika, mvua inaosha hewa. Shuka zimenipa jibu."

Mzee Husseini alitazama bahari, akatazama upande wa bara ambako hakuna mlima wowote unaoonekana. Kwa kweli hakujali chumvi inakwenda wapi. Alikuwa na neno lake moja.

"Kwa hiyo hayo maji magumu yapo?"

"Yapo."

"Na huyu Dadi, ni mtu wa namna gani?"

"Mwaminifu sana. Nilimpa chupa nyingi, na maji hayakuharibika hata katika moja."

Mzee Husseini alichezea kofia yake. Hakupenda kushindwa, hasa na mtu aliyemwona akilamba shuka. Lakini neno lake lilikuwa neno.

"Haya, Dadi," alisema hatimaye. "Lete wazee wako. Aliyeaminiwa maji ya Mzungu hatanipotezea mtoto."

Harusi ilifanyika kabla ya mvua za vuli. Bwana Chupa alikula pilau, akapiga makofi mahali pasipostahili, kisha akapanda meli kwenda kuwaeleza wakubwa wa Ulaya habari za upepo wa Rufiji. Bi Mwantum alilia kwa furaha mpaka akakosa sauti ya kupigia vigelegele.

Fungate ilipokwisha, Mwanaharusi alimkuta mumewe ameketi uani. Mke alikuwa anamwaga maji ya mtungi, yaliyolala mpaka yakaanza kunuka.

"Mume wangu, hebu niambie," alisema. "Haya ya kwetu yakikaa kidogo tu yanavunda. Yale ya kwako uliyafanyaje, njia yote ile na jua lote lile?"

"Kwani weye samaki wa kupeleka Kibiti unawafanyaje?" Dadi alisema. "Kila chupa niliitia chumvi ya mama, kidogo tu. Zile za masika ndizo nilizozisomea dua, maana chumvi ilikuwa imeniishia, na Mungu mkubwa, nazo hazikuoza."